Likizo ya Kule

Nyumbani kwa Fundi Baridi nchi ile haikuitwa kwa jina lake. Iliitwa Kule, basi, na kila mtu alijua inayosemwa. Ilikuwa Afrika Magharibi, nchi ndogo ya joto na mvua, ndogo kiasi kwamba kwenye ramani ya shule ya watoto wake jina lake liliandikwa baharini kwa kukosa nafasi nchi kavu. Fundi alifika huko ujanani, kabla hajaoa, alipopelekwa na kampuni moja kufunga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki bandarini. Alikaa miezi michache tu, akarudi na shati moja la maua na hadithi zisizokwisha: mto wa Kule ulio mpana mpaka ng'ambo haionekani vizuri, mvua ya Kule inayoshuka kama mtu amepindua pipa, ufuo wa Kule ambao unaweza kuutembea asubuhi nzima usikutane na mtu wa kukudai salamu.

Kwa hadithi hizo ndipo alipompata mkewe. Binti alikuwa fundi cherehani, wa sare za shule na mapazia, na Fundi alikwenda kumtengenezea friji shangazi yake. Friji ilipona siku ile ile, lakini fundi aliendelea kuja kuikagua. Shangazi alimwonya binti kwamba mwanamume anayeweza kuusifia mto kiasi kile ana ulimi wa kutazamwa. Binti hakusikia la mtu. Alimuuliza mchumba wake swali moja tu: "Utanipeleka lini?"

"Mwaka ujao," alijibu Fundi.

Kisha akazaliwa mtoto wa kwanza, na wa pili, kisha paa likavuja, kisha mama mkwe akaugua, na Mwaka Ujao ukabaki pale pale ulipokuwa. Swali likageuka mzaha wa nyumba. Mkasi ukipotea, umekwenda Kule. Fundi akichelewa kurudi kutoka kazini, mkewe anampokea mlangoni kwa kumuuliza kama Kule wamemsalimia. Walizeeka nao mzaha huo, ukawa kama kiti kibovu ambacho hakuna anayekumbuka kukitupa.

Halafu miguu ya Fundi ikaanza kuvimba. Pumzi ikawa fupi, viatu vikagoma kuingia, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba figo zote mbili zimekwisha kazi. Tangu hapo maisha yake yakawa ya mashine. Mara tatu kwa wiki alikaa kwenye kiti cha kuegemea katika chumba chenye harufu ya dawa ya kuulia vijidudu, sindano mbili nene mkononi, akiitazama damu yake ikitoka kwenye mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Maji aliyoruhusiwa kunywa kwa siku yangejaza chupa ndogo ya mezani, na humo humo kulikuwa na chai, na dawa za kumezea, na kila kitu. Ndizi marufuku. Parachichi marufuku. Chumvi ni ya kuota ndotoni.

Na uchovu wake haukuwa ule wa kazi. Uchovu wa kazi Fundi aliujua. Ukilala unakwisha, tena una utamu wake. Huu wa mashine ulikuwa mwingine kabisa. Ulikaa ndani ya mifupa kama gesi iliyovuja, hauonekani, hauna mahali pa kuukamata. Akitoka kwenye kiti alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Siku iliyofuata anaanza kupata nguvu kidogo, anaweza hata kuuliza habari za mpira, na keshokutwa yake anarudi kukamuliwa tena.

Katika kipindi hicho mkewe aliacha kuuliza habari za Kule. Fundi aligundua hivyo kama mtu anavyogundua kwamba friji imenyamaza: si kwa kusikia kitu, bali kwa kukosa kukisikia. Aliona ni afadhali, limepita.

Kumbe halikupita. Alasiri moja, Fundi akiwa amejilaza kwenye kochi baada ya mashine, mkewe aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, pini bado ziko mdomoni.

"Nimekata shauri," alisema. "Twende Kule."

"Kule wapi?"

"Kule. Kwani Kule ziko ngapi?"

"Mama wee," alisema Fundi, macho yamefumba, "mimi hata kufika bafuni ni safari."

"Ndiyo maana nasema twende sasa, ungali unafika bafuni."

Fundi alifungua jicho moja. Mkewe hakuwa anatania. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akaeleza yote kwa pumzi moja: kwamba cherehani imewapa kitu kidogo, kwamba watoto ni watu wazima, kwamba yeye hakuja duniani kushona sare tu na kufa. Wiki moja, haombi zaidi. Wakae mahali penye bahari, waone huo mto, warudi.

Kukataa kunataka nguvu. Ukikataa utaulizwa kwa nini, ukieleza kwa nini utajibiwa, ukijibiwa itabidi ujibu. Kukubali ni neno moja.

"Sawa," alisema Fundi, akageukia upande wa ukuta.

Kuanzia siku ile likizo ikaanza kumjia kutoka kila upande. Mkewe hakuwa mtu wa kulala na wazo. Kesho yake alimkamata Sista, yule muuguzi mkuu wa chumba cha mashine, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokubembeleza.

"Watu wenye figo mbovu husafiri, mbona," alisema Sista, akikaza plasta kwenye mkono wa Fundi. "Kinachotakiwa ni kupata kiti huko mnakokwenda. Hapa anaachia kiti chake, kule anapokewa. Basi."

Sista alikuwa na rafiki aliyesoma naye uuguzi, na huyo rafiki alimjua mtu aliyemjua msimamizi wa mashine za Kule. Mkewe Fundi alipiga simu mpaka sikio likawa moto. Mara inaita bila kupokelewa, mara inapokelewa na duka la mbao. Mwishowe ikapokelewa na mwanamume mwenye sauti nzito isiyo na haraka, akasema ndiyo, mashine wanazo, si nyingi, moja iko mbovu inasubiri kifaa, ila mgeni wa wiki moja hawawezi kushindwa kumsogezea kiti. Aletwe tu na majibu yake ya damu. Mkewe alikuja kumpa Fundi habari hizo, mumewe akiwa bado ameunganishwa na mashine, akasimama mlangoni kwa sababu wasiosafishwa damu hawakuruhusiwa kuvuka mstari mwekundu.

"Wamekubali!" alimpungia mkono. "Baba Watoto, wamekubali!"

Wagonjwa waliokuwa kwenye viti wakapiga makofi kwa mkono mmoja mmoja kwenye mapaja, kwa sababu mwingine ulikuwa na sindano. Fundi akatabasamu. Alijua kutabasamu kunatakiwa.

Jirani yake wa kiti alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, na wote pale walimwita Refa. Alipenda kusema figo zake zilipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza.

"Kule nimewahi kuchezesha," alisema Refa. "Pazuri, ndugu yangu, sikudanganyi. Lakini joto lake! Kipindi cha pili filimbi ilikuwa inaniunguza midomo. Nilikunywa maji siku ile kama ng'ombe."

Fundi alimeza mate, ambayo nayo yalikuwa machache. Hakuogopa ndege, wala hakuogopa kufa ugenini. Aliogopa kiu. Kiu katika chumba chenye kivuli ilikuwa inamtosha. Alikuwa akinyonya vipande vya barafu mpaka ulimi unakufa ganzi. Sasa kiu ya jua la Kule, na mkewe akiwa pembeni amefurahi, akinyoosha kidole kuonyesha mto!

Lakini hakusema. Kila alipoulizwa alijibu sawa. Tuchukue ile nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, au ile ya ufukweni? Yoyote, sawa. Kofia hii au ile? Sawa. Mkewe akachomwa sindano ya homa ya manjano, akashinda siku nzima akisugua bega na kulalamika kwa furaha. Kwa upande wa Fundi daktari alisema sindano ile haimfai, atamwandikia barua, na watu wa mpakani waachwe waisome. Fundi alipata tumaini dogo kwamba watu wa mpakani wa Kule hawajui kusoma. Akaona haya mwenyewe kwa wazo hilo.

Mtoto wao mkubwa, aliyekuwa na duka la spea za magari, alisikia habari kwa watu wengine na akaja amefura.

"Mama, hivi mnajua mnachofanya? Baba akizidiwa angani je?"

"Kwani akizidiwa hapa sebuleni si nitakuwa naye mimi huyu huyu?"

"Hapa kuna hospitali."

"Na Kule wanaishi juu ya miti?"

Kijana akamgeukia baba yake. "Baba, wewe mwenyewe unasemaje?"

Wote wawili walimtazama. Lilikuwa swali la maana, na lilikuja mahali pake, na kama Fundi angekuwa na nguvu ya kulibeba mambo yangekwisha pale pale.

"Mama yako ameshaamua," alisema.

Mkewe hakupenda jibu hilo. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mdogo wa kike wa mkewe Fundi, msusi aliyeitwa Kasuku kwa sababu hata chini ya mashine ya kukaushia nywele hakunyamaza, alileta sanduku la kuazima, kubwa, la rangi ya zambarau, gurudumu moja limelegea. "Mimi ningekuwa na mume wa kunipeleka Kule," alisema, "saa hizi ningekuwa nimeshakolea rangi, nawatumia picha muumie." Sanduku likasimamishwa kwenye kona ya chumba cha kulala. Kila asubuhi Fundi akifungua macho, la kwanza kuonana nalo ni lile sanduku, na kila siku lilikuwa limeongezewa kitu: kanga, malapa, gauni la manjano ambalo mkewe alijishonea mwenyewe katikati ya sare za watu. Alikuwa hajajishonea gauni tangu harusi ya mtoto wa pili.

Zikapita siku. Ikabaki kama wiki mbili.

Siku ya tukio lenyewe, Fundi alikuwa kwenye kiti chake, hata nusu ya muda haijafika, mashine zote zilipoanza kulia kwa pamoja. Pampu ya maji ilikuwa imekufa, na bila maji safi mashine haiwezi kuosha damu ya mtu. Sista alikimbia huku na huku akirudisha damu za watu mwilini, akiwatuliza waliotulia na kuwafokea waliopaniki. "Mtarudi kesho asubuhi kumalizia," alisema. "Leo nendeni nyumbani. Na kunywa maji ni marufuku, nawaona!"

Kwa hiyo Fundi akatoka mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kawaida akitoka humkuta mkewe amesimama mlangoni, mkoba begani, sweta ya Fundi tayari mkononi, anauliza presha ilikuwaje. Leo mlangoni hapakuwa na mtu. Alishika ukuta, akaifuata korido taratibu mpaka kwenye benchi refu la ndugu wa wagonjwa.

Mkewe alikuwa pale mwisho wa benchi, amelala. Si kusinzia, kulala kabisa, kichwa kimeanguka kwenye ukuta, mdomo wazi, kilemba kimesogea na kuacha nywele nyeupe ambazo Fundi hakujua kuwa zimekuwa nyingi hivyo. Mapajani alikuwa na sketi ya shule ambayo pindo lake lilikuwa limeshonwa nusu, na sindano ilikuwa bado katikati ya vidole. Watu walikuwa wanampita. Mtoto wa mtu alikuwa anapiga kelele hatua chache kutoka hapo. Hakusikia lolote.

Fundi alisimama akimtazama. Alikuwa hajamtazama mkewe siku nyingi. Alikuwa akitazamwa naye tu. Uso ule ulikuwa umechoka kuliko alivyokuwa akiuona wake mwenyewe kwenye kioo.

Mama wa usafi, aliyekuwa anapiga deki korido, alisimamisha ufagio wake wa maji.

"Mzee, leo mmewahi," alisema kwa sauti ya chini. "Niache nimwamshe."

"Mwache."

"Huwa ananiomba mimi. Analala hivyo kila mnapokuja. Mkikaribia kutoka namgusa bega, anakwenda kunawa uso." Kisha akaona pengine amesema yasiyomhusu, akainamia ndoo yake. "Usimwambie nimekwambia."

Fundi alikaa kwenye benchi, pembeni ya mkewe, taratibu kama mtu anayekaa karibu na ndege. Aliitoa ile sindano katikati ya vidole vyake na kuichomeka kwenye pindo la sketi. Akakaa hapo mpaka mwenyewe alipozinduka, akashtuka, akapapasa mkoba, akaanza kuuliza presha kabla macho hayajafunguka vizuri.

Jioni ile, cherehani ikiendelea, Fundi aliita kutoka kwenye kochi.

"Mke wangu."

"Naam."

"Mimi sitaki kwenda Kule."

Cherehani ikanyamaza.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukasema sawa."

"Nilikuwa nimechoka kusema hapana."

Mkewe aliikunja ile nguo aliyokuwa anashona, akaikunjua, akaikunja tena. "Kumbe nimekuwa napiga simu nchi za watu kama kichaa," alisema. "Kumbe Sista anahangaika, daktari anaandika barua, watu wanasogeza viti huko, na mwenyewe amelala hapo ananicheka."

"Sikucheki."

"Ungesema."

"Ungenijibu."

"Ningekujibu, ndiyo! Kwani mdomo ni wa nini?"

Fundi alijiinua akakaa. Hilo lilimchukua muda, na mkewe, kwa mazoea, alianza kunyanyuka kuja kumsaidia, kisha akakumbuka amekasirika, akakaa.

"Wewe nenda," alisema Fundi. "Wewe na Kasuku. Mimi nitabaki."

"Nikuache na nani?"

"Mwanao ana miguu, ana gari, na duka lake halitakufa likifunguliwa kwa kuchelewa."

"Yaani unanifukuza."

"Leo nilikukuta umelala kwenye benchi."

Mkono wa mkewe ulipanda wenyewe kwenye kilemba kukiweka sawa, kana kwamba bado yuko kule koridoni.

"Nilipitiwa kidogo tu."

"Mdomo ulikuwa wazi."

"Si kweli."

"Nimekaa na wewe muda mrefu. Najua ukipitiwa kidogo unakuwaje, na najua hiki nilichokiona leo."

Aliona aibu usoni mwa mkewe, aibu kama ya mtu aliyekamatwa anakula peke yake, na ikamuuma kuiona.

"Wewe ndiye mgonjwa," alisema mkewe hatimaye. "Wewe ndiye unayechomwa yale masindano. Mimi nikisema nimechoka, nimwambie nani? Nikwambie wewe?"

"Ndiyo."

"Halafu utafanya nini?"

Fundi alifikiri. "Nitasikia," alisema.

Mkewe alicheka kwa puani, kisha kicheko kikageuka, akalia kidogo, kile kilio kifupi cha mtu mwenye kazi ya kumaliza, akajifuta kwa pindo la sare ya mtoto wa watu, akaguna kwa kuichafua. Alisema alitaka waende wawili. Alisema mto ule si wake, ni wa Fundi. Yeye atautazama na nani? Alisema siku nyingine akiwa kwenye lile benchi huwa anatamani mashine iende polepole, muda usiishe, ili alale, na akishatamani hivyo anajiona mwovu. Fundi alisikia yote. Kusikia nako kulikuwa kunachosha, lakini alijikaza.

"Na nikienda halafu ukafa?" aliuliza mkewe mwishoni.

"Nikifa nitakupigia simu."

"Mjinga wewe," alisema, akawasha tena cherehani.

Hakukubali upesi. Alinuna siku kadhaa, akitoa majibu ya neno moja moja. Fundi mwenyewe ndiye aliyempigia Kasuku, na Kasuku alipiga ukelele ambao ungesikika bila simu. Kijana wa spea naye aliitwa, akakaa mbele ya wazazi wake akifundishwa baba yake anakula nini, hali nini, dawa ipi inatangulia ipi. Aliposikia mama anakwenda bila baba alifurahi kwanza kwamba ameshinda, kisha akaelewa kazi imeangukia wapi. Bwana wa sauti nzito alipigiwa kuambiwa kiti hakitahitajika. Alisema hakuna neno, mgonjwa apone, kisha akauliza kama bibi bado anakuja. Bado anakuja. "Basi vizuri," alisema.

Siku ya kuondoka mkewe alivaa lile gauni la manjano. Alimwambia Fundi mambo kumi mlangoni, akatoka, akarudi kumwambia la kumi na moja, kwamba asimdanganye Sista kuhusu maji. Kasuku alimvuta mkono. Gurudumu bovu la sanduku lilisikika likikwaruza mpaka kwenye gari.

Wiki ile haikuwa nzuri kwa Fundi, na hakuna haja ya kusema ilikuwa nzuri. Kijana alijitahidi, lakini alimshika baba yake kama spea: kwa nguvu mahali pasipotakiwa, na kwa woga mahali pa kushika. Chakula kilikuwa laini mno au kigumu mno. Walikuwa hawajakaa wawili peke yao tangu kijana alipokuwa mdogo, na mazungumzo yao yaliisha haraka, wakabaki wakitazama televisheni isiyowahusu. Siku ya tatu, nyumba ikiwa kimya na kijana ameshuka dukani, Fundi alikwenda jikoni akafungua bomba, akanywa. Alikunywa glasi mbili nzima, amesimama, macho yamefumba. Kesho yake mizani ikamsema. Sista alimtukana kwa adabu zote za kazi yake, na mashine ikamtoa yale maji kwa maumivu ya mkakamao wa miguu mpaka akauma kitambaa.

"Mchezaji anacheza rafu mwamuzi akigeuka," alisema Refa kutoka kwenye kiti chake, bila kufungua macho.

Mkewe alipiga simu siku ya pili tu ya kufika, kisha akapotea. Fundi akaanza kuwa na wasiwasi. Akapiga yeye, akapokea Kasuku.

"Shemeji, dada yangu amelala! Anaamka, anakula, analala! Nimemtoa kwao nije nitembee naye, natembea na sanduku! Mimi nimeshauona huo mto mara nne, yeye hajauona hata mara moja!"

"Mwache alale."

"Shemeji, tumekuja likizo!"

"Kasuku. Mwache alale."

Siku ya tano alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Fundi alishindwa kukitaja mara moja. Baadaye alitambua ni kwamba haikuwa na haraka. Alisema wamevuka mto kwa pantoni asubuhi ile. "Kweli ni mpana. Hukutia chumvi. Ila ulisahau kusema unanuka." Alisema amekwenda na bandarini kutafuta vile vyumba vyake vya baridi. Mlinzi alimshangaa, mama mzima anatafuta friji. Vyumba vimegeuzwa stoo ya vitunguu siku nyingi, mitambo imeng'olewa, lakini milango ni ile ile. "Nilimwomba anifungulie mmoja. Mzito! Nilidhani ningeshindwa kuusukuma."

"Uliusukuma kwa bega?"

"Kwa bega."

"Ndivyo unavyosukumwa," alisema Fundi.

Upande wa pili kulikuwa na upepo, na sauti ya Kasuku ikibishana na mtu kuhusu bei. Mkewe aliuliza anakunywa maji kiasi gani. Fundi alisema ukweli. Mkewe alivuta pumzi ndefu, na Fundi akajiandaa kupokea, lakini mkewe alisema tu, "Usirudie." Akaaga.

Alirudi siku ya mashine. Kijana alikwenda kumpokea, na yeye akataka wapitie hospitali kwanza. Fundi alimwona amesimama mlangoni, nyuma ya mstari mwekundu, na gauni lile lile la manjano ambalo sasa lilikuwa na mikunjo ya safari. Jua lilikuwa limemchoma vizuri pua na mashavu. Hata kusimama kwake kulikuwa kwingine.

"Umekonda," alimwambia.

"Wewe umenenepa."

"Nimelala," alisema. "Baba Watoto, nimelala mimi!"

Sista alipita na kusema kwamba mzee huyu amekuwa mtundu, na kwamba maneno yake mengine atayasema wakiwa wawili. Mkewe alitikisa kichwa kukubali. Aliitazama mashine, akayatazama mapovu madogo kwenye mpira, akautazama mkono wa mumewe wenye sindano mbili. Uchovu wa Fundi ulikuwa pale pale ulipokuwa, haukuwa umepungua hata chembe, na mashine ilikuwa bado inataka saa nyingine nyingi za maisha yake, za leo, za keshokutwa, na za baadaye.

"Bado muda mrefu?" aliuliza mkewe.

"Bado."

Alisita. Mkono wake ulicheza na mkanda wa mkoba. Fundi alimwona akiangalia upande wa korido.

"Basi mimi natangulia nyumbani nikaoge," alisema. "Mwanao atakuleta."

"Haya."

Akaondoka. Refa aliinua kichwa kutoka kwenye mto wake.

"Ameondoka?"

"Ameondoka," alisema Fundi, akafumba macho.